Maji ya Mikono ya Athumani

Mwanangu Somoe,

Umekwenda kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka umekula. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Nimekaa kwenye mkeka hapa mlangoni, begi lako liko pembeni yangu, na haya naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari lako la jiografia ulizobakiza. Utazikuta juu ya nguo. Nakuomba usizisome mpaka ufike chuoni. Ukizisoma hapa utaniangalia, na ukiniangalia nitainuka nikabandike chai, tuanze kuzungumza mengine, kama tulivyofanya miaka yote hii.

Ya sabuni, ya marafiki, ya kutotembea hovyo, sitayaandika. Tumeshayasema, na mengi unayajua kuliko mimi niliyeishia darasa la saba. Kamba wakavu nimewafunga gazeti mara mbili wasinukishe nguo. Basi.

Nataka kuandika habari za mdogo wako Athumani.

Juzi Zaituni alikuja kukuaga akiwa na mwanawe mgongoni. Akamfungua, akakunyooshea umpakate. Ukarudi nyuma, ukaingiza mikono ndani ya khanga, ukasema una mafua. Hukuwa na mafua. Zaituni akacheka: "Wee Somoe, unaogopa hata mtoto! Nani atakuoa?" Nawe ukacheka. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikainamisha kichwa kwenye ungo kana kwamba nimeona chuya kubwa. Baada ya Zaituni kuondoka ulikwenda uani ukanawa mikono kwa sabuni, ukarudia, ukarudia tena. Mikono ambayo haikugusa kitu. Tangu una miaka tisa unanawa hivyo, mpaka ngozi ya vidole inachubuka, na mimi ninayenunua hiyo sabuni sijawahi kukuuliza.

Nianzie mbali kidogo, kwa sababu kuna mambo ya nyumba ile ya zamani ulikuwa mdogo mno kuyaelewa.

Mimi ni mtu wa Salale, kule visiwani. Kule kwetu maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na nyumba ya wazazi wangu ilisimama juu ya miguu ya mikoko. Ukimwaga kitu chini jioni, asubuhi hukikuti. Maganda ya kamba, damu ya samaki, mafuta ya mashine, vyote vinachukuliwa. Nilikua nikiamini kwamba ardhi ni kitu kinachoogeshwa. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niliona tu.

Baba yako alinioa akanileta huku kwao Mtawanya. Akajenga kwa boriti za mikoko alizonunua kwetu, na boriti zile hazikuguswa. Lakini fito zilikuwa za miti ya huku, na mchwa wakazila. Kabla mwaka haujaisha ukuta wa chumbani ulikuwa unatoa sauti usiku kama mtu anayetafuna bisi. Kule kwetu mimi sikuwajua mchwa. Bibi yako, mama yake baba yako, alikuwa akipita na fimbo yake, anaugonga ukuta, unga unamwagika, anasema, "Mke wa kisiwani, nyumba inamshinda." Alisema kama mzaha. Lakini aliurudia mzaha huo kila siku.

Baba yako alikuwa akishuka Salale kununua kamba, anakaa huko wiki mbili, tatu. Nikaamua akirudi akute ukuta mpya. Nikatafuta udongo usiopendwa na mchwa, nikaupata.

Unalikumbuka lile ghala bovu la dawa za mikorosho, njia ya kwenda shule? Paa lilikuwa limeshaanguka tangu kabla sijaolewa. Mapipa yalikuwa yameoza hapo hapo, na aliyeyaacha hakuna aliyemjua tena. Nyuma ya ghala palikuwa na udongo laini, mwekundu, mzuri. Hapakuota hata kwekwe. Mbuzi walikuwa wakifika pale wanazunguka. Hapakuwa na kichuguu, hapakuwa na sisimizi. Mtu wa huku angeona vitu hivyo akajiuliza. Mimi niliona nimebahatika. Nilisimama pale na jembe langu nikamshukuru Mungu.

Nilichimba siku nne. Athumani alikuwa mgongoni, ana miezi mitano.

Siku ya kukandika walikuja wanawake wa jirani, na Mama Zaituni akiwa kiongozi wao kwa maneno.

"Mwacheni mtu wa kisiwani apige tope," alisema, "kazaliwa nalo huyo."

"Tope la kwetu lina kaa," nikamjibu, "la kwenu lina mchwa. Bora lipi?"

"Kaa unamla wewe. Mchwa anakula nyumba yako!"

Tukacheka mpaka mmoja akadondosha karai. Kisha Mama Zaituni akachota donge, akalinusa. "Shoga, udongo huu umeutoa wapi? Unanuka dawa ya mikorosho."

Nikamwambia ni kule ghalani. Akafikiri kidogo. "Basi hapa mchwa hawakanyagi. Nyumba hii itatuzika sote."

Tukakandika kuta, tukasiriba na sakafu. Ulitoka shule ukaweka alama ya kiganja chako karibu na mlango kabla haujakauka, nikakukaripia, kisha nikaiacha. Ilikuwa nyumba nzuri. Baba yako aliporudi aliupapasa ukuta kwa mgongo wa mkono kama anavyopapaswa ng'ombe, akasema, "Mama Somoe, umenishinda." Bibi yako hakugonga tena na fimbo. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tena.

Athumani alijifunza kutambaa juu ya sakafu ile. Kuna mambo yake madogo ninayo ambayo sijawahi kumpa mtu. Alikuwa akiona kuku, anapiga goti moja chini, hasogei, mpaka kuku apite, kama anamwamkia. Ubwabwa ukidondoka alikuwa anauokota punje moja moja kwa vidole viwili, anakula, anachungulia kama zimebaki. Alipoanza kusimama dede alishika ukuta, akawa anatembea nao, kiganja kikiburuta. Akifika pembeni anakaa chini, anaingiza kile kidole gumba mdomoni, anapumzika. Kisha anaanza tena. Pale alipokuwa akiburuta mkono palikuwa na mstari, umelainika, unang'aa, kimo cha goti langu.

Na mvua ikinyesha ukuta ukanukia, alikuwa anaulamba.

Wewe ndiye uliyekuja kuniambia. Nakumbuka nilikuwa natwanga. Ukasimama na yunifomu yako, ukasema, "Mama, Athumani analamba ukuta." Nikasema, "Mwache, anaota meno." Siku nyingine ukaja tena, ukasema umemfuta mdomo na ulikuwa mwekundu. Nikakwambia, "Kila mtoto hula mchanga, hata wewe ulikula." Uliniambia mara mbili, Somoe. Huenda umesahau. Mimi sikusahau.

Sasa nafika kwa yule dada.

Watu wa afya walikuja na mwenyekiti wa kitongoji, wanapita nyumba zilizo karibu na ghala. Yule dada alikuwa msichana tu, hakunizidi umri, ana begi la chupa. Akaniamkia vizuri, akakaa chini kwenye mkeka. Akaeleza kwamba udongo wa kule una dawa za zamani, na wanataka kukadiria ni kiasi gani kinaingia mwilini mwa watu, hasa watoto.

"Mtoto hahitaji kuokota bonge akatafuna, mama," alisema. "Vumbi linakaa mkononi, mkono unakwenda mdomoni. Kidogo sana, lakini kila siku. Hicho kidogo ndicho tunachokitafuta."

Akaomba maji safi kwenye beseni, akamwosha Athumani mikono. Athumani alifurahi, akayapiga maji kwa viganja mpaka karatasi zake zikalowa, naye akacheka tu. Maji yalibadilika rangi, yakawa kama chai ya maziwa. Akayamimina kwenye chupa, akaandika jina, akasema watayakausha waupime udongo utakaobaki. Kisha akachukua ubao wake wa kuandikia.

Bibi yako alikuwa kwenye kigoda, anamenya mihogo. Ulikuwa hujui maneno aliyokuwa akiniambia ukiwa shule. Kwamba watoto wa visiwani hula tope kama kaa. Kwamba ingekuwa shauri lake, angemwoza mwanawe mwanamke anayejua kulea. Yule dada akauliza, "Mama, Athumani huwa anakula udongo? Au kulamba ukuta, au kuweka mikono mdomoni akishacheza chini?"

Kisu cha bibi yako kikasimama.

Nikasema, "Hapana. Watoto wangu hawana tabia hiyo."

"Hata mara moja moja?"

"Hata mara moja. Namwangalia mwenyewe."

Wewe ulikuwa mlangoni. Ukasema, "Lakini mama, juzi si nilikwambia..."

"Somoe," nikasema, "ndoo."

Ukachukua ndoo ukaenda kisimani. Nilikusikia ukiikokota, inagonga mawe. Yule dada akaniangalia, akaangalia karatasi, akaandika. Kisu cha bibi yako kikaendelea na mihogo.

Vifaa vya kupima damu vilikuwa vichache. Walianza na nyumba ambazo mama zao walijibu ndiyo. Mama Zaituni alijibu ndiyo, tena alicheka: "Huyu wangu? Huyu anakula hata kandambili!" Wanawe wakapimwa wiki ile, wakaambiwa wakae mbali na udongo ule. Siku hiyo nilimdharau moyoni. Ninaandika hili kwa sababu ni kweli.

Sisi tuliandikwa chini kabisa kwenye orodha.

Siku Athumani aliposhikwa na ile hali ya kukakamaa, alikuwa mapajani mwako. Hapo ndipo palipoharibika mambo yako yote, kwa sababu tu ulikuwa umetoka shule ukampakata ili mimi nikakoge. Nilisikia unaita. Bibi yako akasema ni degedege. Zahanati wakampima malaria, hakuwa nayo, wakamfanyia walichoweza, wakatuambia tumwahishe hospitali, Kibiti. Hatukufika naye. Umri wake ulikuwa mwaka mmoja na miezi mitatu. Nilimbeba nikarudi naye nimemfunika kwa khanga, na kila niliyekutana naye njiani alidhani amelala.

Yule dada alirudi baada ya kama mwezi. Hakuna aliyemwambia. Alisimama uani anatabasamu, akasema, "Shikamoo mama. Yuko wapi yule rafiki yangu wa maji?" Nikamwonyesha kwa mkono upande wa makaburi. Akakaa chini, si kwenye mkeka, pale pale alipokuwa. Kisha akanieleza jambo ambalo nimelificha mpaka leo.

"Mama, chupa yake ilikuwa na udongo mwingi kuliko ya mtoto yeyote tuliyemwosha. Nilipoiona nilidhani nimekosea jina, kwa sababu karatasi ilisema hapana. Nikaiweka pembeni niikague baadaye. Niliamini karatasi."

Alilia huyo msichana, Somoe. Mimi nilimtuliza. Nikamwambia ni mipango ya Mungu. Hata hapo, tukiwa wawili tu na bibi yako hayupo, sikuweza kumwambia kwamba karatasi ilisema uongo kwa sababu mimi nilisema uongo.

Nilimuuliza kitu kimoja tu: ni udongo ndio uliomuua? Hakukubali kusema ndiyo. Alisema makadirio yao yanaonyesha watoto wa nyumba kama ile wako kwenye hatari kubwa kiasi gani, lakini hayawezi kumtaja mtoto mmoja na kusema huyu amekufa kwa hiki. Kwa hiyo sijui. Nimekaa miaka kumi bila kujua, na huko ndani ya kutojua nilijitengenezea mahali pa kujificha. Nilikuwa nikijiambia, pengine ilikuwa degedege tu. Ninachojua ni kwamba niliulizwa, na kwamba chupa ilisema kweli kabla yangu.

Walitubomolea nyumba, wakaufukia ule udongo mbali, tukajenga hii ya tofali. Nilisimama nikaona ule mstari wa mkono wake unavunjwa kwa nyundo.

Kisha baba yako akauliza. Unakumbuka alivyouliza, kwa upole, na ule upole ndio ulikuwa mbaya. Tulikuwa tunakula. "Nani aliyemwacha mtoto akala udongo?" Bibi yako akasema, "Si huyo Somoe ndiye aliyekuwa naye." Baba yako akakugeukia. Nawe ukaniangalia mimi. Mtoto wa miaka tisa, tonge mkononi, ukaniangalia ukisubiri niseme. Nikainama nikachota mchuzi.

Ukasema, "Ni mimi, baba."

Hakukupiga. Aliacha tu kukuita "mama yangu", kama alivyozoea. Hukuuliza kwa nini. Siku ile ndipo ulipoanza kunawa mikono.

Mpaka hapa mengi unayajua. Ulikuwepo. Najua unajua, na hujawahi kunisema, hata siku ulipokasirika, hata ulipokuwa mtu mzima. Lakini kuna moja hulijui, na hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Siku tatu kabla baba yako hajafa, ulikuwa umekwenda kumchotea maji ya kisima cha juu aliyoyataka. Kifua kilikuwa kinambana. Akanishika mkono akasema, "Somoe ni mtoto mwema. Lile la Athumani, mwambie nimemsamehe."

Nilikuwa peke yangu naye. Bibi yako alishatangulia siku nyingi, hapakuwa na kisu cha mihogo cha kuogopa. Nilikuwa na muda wote niliouhitaji. Ningesema, "Baba Somoe, yule mtoto hana kosa, ni mimi." Maneno machache. Badala yake nikasema, "Amina." Akafumba macho, akaonekana ametua mzigo. Ukaingia na maji, ukamnywesha.

Sikukufikishia salamu ile. Kwanza nilijiambia ni kwa sababu huna kosa la kusamehewa, na hilo ni kweli. Lakini ukweli mwenyewe ni kwamba kukufikishia kungenilazimu kusema haya mengine. Kwa hiyo nimebaki na msamaha wa mtu aliyekufa, umeelekezwa kwa asiyeuhitaji, na mwenye kuuhitaji hakutajwa. Siwezi kumrudisha baba yako nimwambie. Kuna vitu havioshwi na maji kujaa, nami nimevijua huku bara, nikiwa nimechelewa.

Unakwenda kusomea afya ya mazingira. Ulipoleta ile barua ya chuo nilikupongeza, kisha nikaenda nyuma ya nyumba. Nilijua unakwenda kutafuta nini. Siku moja watakupa begi la chupa na ubao wa kuandikia, utakaa kwenye mkeka wa mwanamke fulani, utamuuliza. Sina elimu ya kukufundisha kazi hiyo. Nakupa tu nilichokijua kwa upande wa mwenye mkeka. Kabla hujauliza, angalia nani mwingine amekaa karibu. Kama kuna kisu kinasimama, mwombe mama yule akusindikize kwenye beseni, muulize kule. Mtoto wa mlangoni akianza na "lakini mama", usimwache aende na ndoo. Na siku chupa na karatasi zisipokubaliana, usiweke chupa pembeni. Rudi siku hiyo hiyo.

Yule dada sikumwona tena. Kama bado yupo kwenye kazi hizo na utakutana naye, mwambie hakukosea jina.

Sikuombi unisamehe. Nimeshaona msamaha unavyoweza kutumika vibaya. Zaituni amesema atapita asubuhi kukusindikiza hadi barabarani, na mwanawe mgongoni. Sitakwambia ufanye nini. Lakini mikono yako, Somoe, ndiyo iliyomfuta mdomo. Katika nyumba ile hakuna mikono mingine iliyofanya hivyo.

Nasikia mtu anakohoa njiani, huenda ni wewe. Nimalize. Lile swali yule dada aliliuliza mara moja, na jibu langu liko kwenye karatasi fulani, mahali fulani, limeandikwa kwa wino. Nalijibu upya hapa, kwa mkono wangu, ulitunze wewe.

Je, mtoto Athumani alikuwa akila udongo?

Ndiyo. Kila siku. Nilimwona. Udongo niliuchimba mimi, na dada yake aliniambia mara mbili.

Mama yako